Uzinduzi wa Bembea

Nchi yenyewe nisiitaje. Wenyewe wana wivu na jina lao, na mimi nina watoto wa kusomesha. Itoshe kusema kwamba ipo, ina bendera, na ina serikali inayopenda watoto kupita kiasi. Nilikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya wizara, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu, mashavu yamenivimba.

Mapenzi hayo yalianza siku serikali ilipogundua kwamba watoto wanacheza. Kumbe walikuwa wakicheza miaka yote, tena hadharani, bila sera. Tume ikaundwa, ikazunguka mitaani na viti vyake vya kukunja, ikarudi na habari za kutisha. Kuna watoto waliokutwa wakiendesha magari ya makopo yasiyo na namba za usajili. Wengine walikuwa wakipika ugali wa udongo bila kupimwa afya. Kikundi kimoja cha kombolela kilipoulizwa kinajifunza nini, kilijibu kwamba kinajificha. Mwenyekiti wa tume alipofika hapo bungeni alishindwa kuendelea, akatoa leso, na waheshimiwa wakasimama kimya kuiombea elimu.

Basi michezo yote ya kienyeji ikapigwa marufuku, ikaundwa Wizara ya Vichezeo vya Kielimu na Mapumziko Nafuu ya Familia. Wataalamu hawakulala. Walitoa fumbo la picha lenye kipande kimoja tu, uso wa Waziri, ili asipatikane mtoto wa kushindwa. Na kweli ufaulu ulitangazwa kuwa asilimia mia hata kabla halijagawiwa. Walitoa mdoli asiye na mdomo, wa kufundisha usikivu. Walitoa vipande vya mbao vya kujengea nyumba, vyote vimegundishwa pamoja kiwandani ili nyumba isije ikaanguka na kumvunja mtoto moyo. Mwisho wakatoa bembea, ambayo kijitabu chake kilisema kwamba humzoesha mtoto kusonga mbele.

Kilibaki kitu kidogo tu, uzinduzi. Katika nchi ile kitu kisichozinduliwa hakipo. Daraja lisilokatiwa utepe halivukwi. Watu huvua viatu wakapita majini chini yake, wala hakuna anayeona ajabu. Kuna kijiji kilichimbiwa kisima, mgeni rasmi akachelewa, na akina mama wakaendelea kwenda mtoni, ila kila wakipita pale waliinamisha vichwa kwa heshima. Kwa hiyo vichezeo viligawiwa vikiwa ndani ya nailoni, vikawekwa kabatini, na watoto wakaruhusiwa kuvitazama siku za sikukuu.

Tena vilikuwa vya watoto wa miaka mitatu hadi mitano tu. Akitimiza sita, mtoto huhesabiwa kuwa mwananchi wa kawaida, na kazi ya mwananchi wa kawaida ni kupiga makofi.

*

Sasa palikuwa na fundi cherehani mmoja, jina lake Zamda, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mumewe, Hamduni, alikuwa mpole. Akigonga kiti, alikiomba radhi. Walikuwa na binti mmoja, Sikudhani, wa miaka mitano ya kumalizikia. Jumapili ya juma lile alikuwa anatimiza sita, na hajawahi kugusa kichezeo maishani mwake.

Alichokuwa akikitaka ni bembea. Aliiona kwenye kalenda ya wizara, imefunikwa nailoni, na tangu siku hiyo hakuomba pipi wala nguo ya sikukuu. Alikuwa akikaa mlangoni akiyumbayumba peke yake, mbele na nyuma, mpaka majirani wakamshauri mama yake ampeleke kwa mganga.

Bahati ikawaangukia. Familia yao na nyingine chache zilichaguliwa kuwa za kwanza kupumzika katika Kituo cha Mapumziko Nafuu, mahali ambapo bembea ya kwanza ya taifa ingezinduliwa siku ya Ijumaa. Zamda akamshonea bintiye gauni la manjano.

"Ijumaa utabembea, mama," alimwambia huku akimpima mabega. "Kabla hujawa mzee."

Kituo chenyewe kilikuwa ufuko wa bahari. Ili kupunguza gharama kilijengwa mbali na bahari. Mchanga uliletwa kwa lori, miamvuli ikasimikwa, na pale ambapo maji yangeanzia paliwekwa kibao kizuri cha bluu: BAHARI – AWAMU YA PILI. Vyumba vilikuwa na kuta. Mapaa yalikuwa awamu ya tatu. Kila familia iliagizwa ije na godoro lake, chakula chake na, kwa wanaopenda kuhudumiwa, mhudumu wao. Waliokijenga nao walipata unafuu wao huko huko. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Hamduni alivua shati, akajilaza mchangani, akakitazama kile kibao.

"Pazuri," alisema. "Ila upepo mkali. Labda maji yamekupwa."

*

Uzinduzi ulipangwa saa tatu asubuhi. Turubai lilikuwa limefungwa, meza kuu imetandikwa kitambaa cheupe, ina maua ya plastiki na maji ya chupa, na katikati kiti cha mgeni rasmi kimevishwa mahameli. Mbele yake ilisimama bembea, nailoni juu yake na utepe mwekundu kuizunguka.

Msimamizi wa yote alikuwa Bwana Fumbwe, afisa itifaki, mzee mrefu mwenye shingo iliyozoea kuinama. Itifaki ya nchi ile haimruhusu afisa wake kumtazama mgeni rasmi usoni. Bwana Fumbwe alikuwa amepokea wageni rasmi tangu ujana wake na hakuijua sura ya hata mmoja wao. Aliwatambua kwa viatu, kwa king'ora, na kwa jinsi walivyochelewa.

"Mtu akifika kwa wakati," alitufundisha sisi wa bendi, "huyo ni fundi wa vipaza sauti."

Saa tatu ikapita, saa sita ikapita. Amri yetu ilikuwa kupiga wimbo kila tuonapo vumbi barabarani. Tulilipigia boza la maji. Tulilipigia trekta la takataka, na dereva wake akavua kofia akapunga mkono, watoto wakamsomea risala mpaka katikati ndipo akakumbuka kuondoka. Kila tulipouliza tuliambiwa Mheshimiwa yuko njiani. Mara alikuwa akizindua gari litakalomleta. Mara akawa akizindua barabara litakayopita. Jua likazama, watoto wakalala wakiitazama nailoni.

Jumamosi asubuhi Zamda akamfuata Bwana Fumbwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu kwenye mapumziko."

"Mgeni wenu anakuja lini?"

"Yuko njiani."

"Jana mlisema yuko njiani."

"Na leo tunasema hivyo hivyo. Serikali haina maneno mawili."

"Mwanangu kesho anatimiza sita, baba yangu. Kesho! Akitimiza, basi tena."

Bwana Fumbwe akalifikiria jambo hilo kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Ashauriwe asitimize," alisema.

"Hayo si mambo ya Mungu?"

"Basi Mungu angetaarifiwa mapema kwamba kuna ratiba."

"Funua nailoni kidogo tu. Abembee mara moja, nikufunikie mwenyewe. Nani atajua?"

Mzee akarudi nyuma hatua, kweli kabisa ametahayari. "Mama, unataka mtoto apande juu ya kitu ambacho hakipo? Akianguka, tutasema ameanguka kutoka wapi?"

Zamda akarudi kwa mwanawe ameuma meno. Sikudhani alikuwa ameketi mchangani katika gauni lake la manjano, ameielekea bembea.

"Mama, kutimiza sita kunauma?"

"Hakuumi."

"Mbona unalia?"

"Nalia kwa hasira," alisema Zamda, ambaye hakuwa mtu wa kusingizia mchanga.

*

Mchana ule jua liliwaka, turubai zima likasinzia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelalia tarumbeta. Watoto ndio waliokuwa macho, na hawakuwa na cha kuchezea. Lakini jambo moja walilijua vizuri, kwa kuwa wameliona tangu wanabebwa mgongoni.

"Tucheze mgeni rasmi," alisema Sikudhani.

Wakagawana kazi bila ugomvi. Wawili wakawa walinzi, wakajifanyia miwani ya vidole. Msichana mmoja akabeba mkoba, yaani kandambili ya mama yake. Mvulana mnene mwenye kifua kizuri akawa king'ora. Sikudhani mwenyewe akachukua koti la baba yake na viatu vyake vyeusi vya ngozi.

"Kwanza lazima tuchelewe," aliamuru.

Wakaenda nyuma ya vyoo, ambavyo vilikuwa awamu ya nne, wakachelewa. Walichelewa kwa bidii, wengine wakataka kurudi, akawakataza. Alipoona imetosha alitikisa kichwa, na yule mvulana akafungua mdomo.

Jamani, mtoto yule ana kipaji. Turubai zima liliruka. Sisi tukapiga wimbo kabla hata macho hayajafunguka, wazazi wakasimama, na Bwana Fumbwe akachomoka kitini, kichwa chini kama desturi. Akaona viatu vyeusi vya ngozi vinakuja polepole, vikiburuzwa kwa maringo ya mtu mkubwa. Akasikia king'ora. Muda wa kuchelewa ulikuwa kamili. Hakukosekana kitu.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisema akiinama zaidi, "itifaki imezingatiwa."

Mtauliza, sisi wengine hatukuona? Tuliona. Kila mtu aliona mtoto ndani ya koti la mtu mzima. Lakini watu wote wakiwa wamesimama, nani atakuwa wa kwanza kukaa? Kila mmoja alimtazama jirani yake akadhani mwenzake ana taarifa zaidi. Hamduni aliitambua jozi yake ya viatu, na kwa adabu aliyolelewa nayo akasimama kuiheshimu.

Sikudhani akapanda kiti cha mahameli. Akanywa maji ya chupa yote. Bwana Fumbwe akamkaribisha aseme neno, naye akasimama juu ya kiti.

"Watoto hoyee!"

"Hoyee!"

"Mimi sina mengi ya kusema," alitamka kwa sauti nzito, na kweli hakusema zaidi.

Watu walipigwa na butwaa. Maneno yale wameyasikia maisha yao yote, na kila mara yalifuatiwa na saa mbili za hotuba. Mzee mmoja mbele yangu alitokwa na machozi. Makofi yalipigwa mpaka maua ya plastiki yakaanguka mezani. Kisha mkasi ukaletwa juu ya sinia, Sikudhani akakata utepe, walinzi wake wakaichana nailoni kwa meno, na yeye akaviacha viatu mchangani akaikalia bembea.

Zamda alikuwa ameshafika nyuma yake. Hajawahi kubembeza mtu, katika nchi ile hakuna aliyewahi, lakini mikono ilijua yenyewe. Mtoto akaenda juu. Mwanzoni hakucheka, alikaa mdomo wazi, amekamata minyororo, kama anayesikiliza kitu. Akarudi, akaenda tena, na safari ya tatu kicheko kikamtoka, kikubwa kuliko yeye. Nilikuwa na furaha nikasahau tunapiga wimbo gani. Nadhani wenzangu nao walisahau, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wake.

*

Hapo ndipo king'ora kingine kikalia. Hakuna aliyegeuka, tulijua ni yule mvulana.

Mheshimiwa Waziri Ngwamba akashuka garini peke yake, akapita peke yake juu ya zulia jekundu, tumbo mbele. Bwana Fumbwe aliona jozi ya pili ya viatu ikikaribia, akakunja uso.

"Umechelewa, ndugu," alisema. "Mgeni rasmi ameshafika. Waalikwa wa kawaida wakae kule kwenye mikeka."

Na Waziri akaenda akakaa mkekani! Miaka mingi hajaamrishwa na mtu, miguu ikatii kabla ya akili. Alikuwa ameshapewa karanga na bibi mmoja ndipo mlinzi wake alipotoka garini akamnong'oneza. Akainuka kwa kishindo.

"Nani kazindua?"

"Mgeni rasmi, ndugu."

"Mgeni rasmi ni mimi!"

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Bwana Fumbwe akainua kichwa. Alimtazama Waziri usoni, taratibu, kuanzia kidevu hadi paji.

"Kumbe ndivyo mlivyo," alisema, akaomba akalale kidogo.

Bembea ikasimamishwa. Sikudhani akashikwa mkono na askari. Waziri akashika kipaza sauti, na yeye pia akaanza kwa kusema kwamba hana mengi. Alisema uzinduzi ule umefutwa. Alisema bembea irudie hali yake ya kutokuwepo, nailoni irudi, utepe uungwe, kisha azindue yeye Jumatatu baada ya mapumziko yake. Akauliza kama pana fundi wa kushona. Watu wote wakamtazama Zamda.

"Nipo likizo, Mheshimiwa," alisema Zamda. "Tena ya nafuu."

Askari akakaza mkono wa mtoto. Zamda akatoa sindano kwenye mkunjo wa kanga, akaushona utepe.

Ilionekana yamekwisha. Lakini mwanasheria wa wizara, kijana mwenye tai iliyombana, akanyoosha kidole. Utepe umerudi, alisema, na nailoni imerudi. Je, kule kubembea? Mtoto huyu amebembea mara kadhaa, na mara hizo ni mali ya umma. Ziko wapi?

Waziri akamtazama Sikudhani kwa uchungu wa kizalendo.

"Huyu amesonga mbele bila kibali," alitangaza. "Katika nchi yetu mtu hasongi mbele mpaka asogezwe! Naagiza arudishe. Apandishwe kwenye hiyo hiyo bembea, abembee kinyumenyume, mara zote alizokwenda mbele, mpaka zilingane. Na iwe fundisho kwa wengine."

"Lakini bembea haijazinduliwa," mtu akasema.

"Kwa kazi hiyo si kichezeo tena," alieleza mwanasheria. "Ni kifaa cha magereza." Na ni kweli, katika nchi ile magereza pekee ndiyo hufanya kazi bila kusubiri utepe.

Zamda akavuta pumzi. Tulimwona kifua kikipanda, tukajua sasa yatasemwa ambayo yatatupeleka pabaya sote. Kabla hajaanza, Sikudhani akamvuta kanga.

"Mama," alinong'ona, "usinitetee."

*

Koplo wa magereza aliitwa, akasimama mbele ya bembea, akamsukuma mtoto kwenda nyuma. "Moja!" akaita. Mtoto akaenda nyuma vizuri, kwa utii. Halafu, kwa jinsi bembea zilivyo, akaja mbele, juu zaidi kuliko alikotoka.

"Mheshimiwa!" koplo akapiga saluti. "Amesonga mbele tena!"

"Ongeza adhabu!"

Koplo akasukuma kwa nguvu zaidi, na kosa likawa kubwa zaidi. Kila alichorudisha alikifuta palepale. Sikudhani alijitahidi kukunja uso kama mfungwa, lakini kila alipofika juu kicheko kilimponyoka, kikaandikwa kuwa ni dharau, nacho kikaongezewa adhabu yake. Waziri alisimama akilikodolea macho jambo lile mpaka akapata kizunguzungu, akaondoka akisema hajawahi kuona mtoto sugu namna ile.

Jumapili asubuhi koplo alikuwa bado kazini, na wa pili amekuja kumpokea. Hamduni, kwa ukweli wake usio na breki, akamwendea mwanasheria.

"Samahani, kijana wangu. Leo binti yangu ametimiza sita. Nimeona niseme."

Zamda alishika kichwa. Nilidhani atampiga mumewe na sufuria. Lakini mwanasheria alikasirika kwa jambo jingine kabisa.

"Mfungwa hana ruhusa ya kuhama umri wakati anatumikia adhabu," alisema. "Alikamatwa ana mitano, atabaki na mitano mpaka amalize."

Zamda akamkumbatia Hamduni mbele za watu.

Mchana wake foleni ilikuwa imefika kwenye kibao cha bahari. Wazazi walikuja na watoto wao wamewashika masikio.

"Afande, huyu ndiye aliyepiga king'ora. Msimwonee huruma."

"Wangu alibeba mkoba."

"Wangu nailoni aliichana kwa meno, mtazameni, hana hata haya."

"Wangu mimi hakufanya kitu," alisema yule bibi wa karanga, akimsukuma mjukuu mbele, "lakini nia anayo. Namwona machoni."

Magereza yakaleta bembea nyingine jioni ileile, bila risala wala meza kuu, na kufikia magharibi ufuko mzima ulikuwa umejaa wahalifu wadogo wakipanda na kushuka. Bwana Fumbwe alitoka kitandani akaja kuwatazama nyuso, mmoja mmoja. Wizarani ilitolewa taarifa kwamba uhalifu wa watoto umepanda kwa kiwango cha kutisha, jambo linaloonyesha jinsi vichezeo vya kielimu vinavyohitajika, na uzinduzi wake ukasogezwa hadi awamu nyingine.

Zamda alipeleka uji kwenye kikombe chenye mfuniko. Akasimama pembeni akisubiri bintiye ashuke chini amnyweshe. Koplo wa zamu alikuwa amechoka, amevua kofia, anasukuma kwa mkono mmoja.

"Mama!" Sikudhani aliita kutoka juu, nywele zimejaa upepo. "Eti kifungo cha maisha mtu anakipataje?"